Pazia la Shanga Kwenye Upepo wa Bahari

Swali: Assalaam aleikum, bi fundi. Mimi ni binti wa Malindi, mtaa wa Barani. Kazi ya shanga nimejifunza kwa kutazama video, na mwaka jana nyumba moja ya wageni iliyo ufuoni ilinunua kwangu mapazia matatu ya mlango. Nilitumia mshipi wa kuvulia samaki, shanga za mviringo namba 6, zile ndefu za mrija, na baadhi zenye fedha ndani ya tundu. Masika hayajesha, mistari ikaanza kukatika: mingi kule juu karibu na ubao, mingine katikati. Shanga za waridi zimepauka, za fedha zimeingia weusi. Mwenye nyumba anataka nimtengenezee mapya bila malipo. Tatizo ni nini, nitumie uzi gani, na bei niipange vipi? Nataka pia kujaribu picha ya ukutani yenye maandishi.

Jibu: Waalaikum salaam, mwanangu. Umenirahisishia kazi kwa kutaja mahali mistari ilipokatika. Wengi wanaoniuliza huniambia tu "limeharibika", nami hapa Lamu hubaki nikibahatisha. Wewe umesema juu karibu na ubao, na katikati. Tuna pa kuanzia.

Kwanza tuuachilie uzito, maana ndio unaolaumiwa siku zote. Watu husema shanga za kioo ni nzito, uzi umeshindwa. Hebu tupige hesabu. Shanga namba 6 zina unene wa milimita 4 hivi, na katika sentimita 10 za uzi huingia karibu 40. Mstari wa sentimita 190 utakula shanga 760. Gramu moja ina shanga kama 14 za namba hiyo, kwa hiyo mstari mzima hauzidi gramu 55. Gramu 55 hata uzi wa cherehani unazibeba. Mlango wa sentimita 90 wenye mstari kila sentimita 2 una mistari 45, na pazia lote linakuja kilo mbili na nusu. Huo ni mzigo wa ubao na misumari yake, uzi haumo. Nyuzi zako hazikuelemewa. Zililiwa kidogo kidogo.

Zililiwa na nini? Anza kule juu. Bila shaka ulitoboa ubao, ukapitisha mshipi tunduni na kufunga fundo upande wa pili, au uliuzungushia msumari. Sasa pazia la ufuoni halitulii. Kusi ikishika, mistari hupigapiga kutwa kucha, na kila inapoyumba mshipi unapinda palepale kwenye ukingo wa tundu. Ukingo uliotobolewa kwa drili na kuachwa bila kupigwa msasa una makali, hata kama jicho halioni. Kama ni msumari wa chuma, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa hewa ya chumvi huutia kutu upesi na kutu hiyo inakwangua mshipi usiku na mchana.

Dawa yake ni pete. Kila mstari uuning'inize kwenye pete yake ndogo ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, na pete iingie kwenye kulabu iliyofungwa ubaoni. Upepo ukija, pete ndiyo inayocheza. Uzi hauna pa kukunjika. Na usiufunge uzi mtupu kwenye pete. Tunga shanga ndogo kumi au kumi na mbili za namba 11 (namba ikipanda, ushanga unapungua), zungusha ziwe kitanzi kinachopita ndani ya pete, kisha shona kurudi ndani ya mstari. Kwa njia hiyo kinachosuguana na pete ni kioo, na kioo hakijali. Shaba itaota ukijani baada ya muda. Ukipaka ndimu na chumvi kidogo, ukasugua na kuosha kwa maji matamu, inarudi. Wengine huupenda ukijani wenyewe na hawaugusi.

Ile mistari iliyokatika katikati, nina hakika asilimia kubwa imekatikia kando ya shanga za mrija. Zile hukatwa kutoka kwenye kijiti kirefu cha kioo, na za bei rahisi hazilainishwi kwa moto baada ya kukatwa, kwa hiyo midomo yake ni wembe. Chukua mmoja, upitishe mdomoni mwake pamba: ukinasa nyuzi za pamba, utanasa na uzi wako. Sikwambii uziache, zina uzuri wake, hasa jioni taa ikiwaka nyuma ya pazia. Lakini usitunge mrija bila kuuwekea ushanga mdogo wa mviringo kila upande. Ushanga ule wa mviringo unaukalisha uzi katikati ya tundu, mbali na ukingo. Shanga mbili ndogo kwa kila mrija, hiyo ndiyo gharama yote.

Sasa mshipi. Najua kwa nini uliuchukua: unapatikana kila duka, hauhitaji sindano, hauonekani. Kwa mkufu wa kuvaa mara moja moja, sina neno. Kwa mlango unaotazama bahari, mshipi ule wa unyuzi mmoja ni kazi ya miezi. Jua linaukausha mpaka unakuwa mkavu na kuvunjika ukiukunja. Kisha ni nailoni, na nailoni hunywa maji: ikiloa inarefuka, ikikauka inarudi, na mafundo yanalegea kwa kuvutwa na kuachwa. Masika ya Malindi ndiyo yaliyokupa mtihani huo. Wavuvi wenyewe wanajua, ndiyo maana mshipi wao hawauachi juani bila sababu.

Kwa mapazia ya milango na madirisha, mimi natumia uzi wa poliesta, ule mafundi wa makochi na wa viatu wanaoshonea. Haunywi maji kama nailoni na unastahimili jua kuliko nailoni. Chagua uliosokotwa vizuri na usio na manyoya, upake nta ya nyuki kabla ya kutunga. Nta inaulaza uzi, inauzuia usijisokote, na inaziba maji yasiingie. Nta utaipata kwa wauza asali, huna haja ya kuagiza mbali. Tunga uzi maradufu.

Kuna na mshipi wa kusuka, ule laini kama uzi ambao wavuvi wa samaki wakubwa wanautumia. Malindi ni mji wa uvuvi wa michezo, kwa hiyo wewe una bahati kuliko sisi wa Lamu: maduka ya vifaa vya mashua kwenu huwa nao. Haunywi maji, haurefuki, na kwa unene mdogo una nguvu ya ajabu. Kasoro yake ni utelezi. Fundo la kawaida linafunguka lenyewe, na mkasi butu hauukati, unautafuna. Ukiutumia, funga fundo mara tatu pale ambapo ungefunga moja.

Uzi wa pamba usiutie kwenye pazia. Unaoza. Nitaurudia pamba baadaye kidogo, maana una mahali pake.

Tukija kwenye fundo la chini, hapo ndipo mafundi wa video wanapoharakisha. Wanafunga fundo chini ya ushanga wa mwisho, wanachoma ncha kwa kiberiti cha gesi, wanaendelea. Ncha iliyochomwa inakuwa kidonge kigumu chenye makali, na chenyewe kinakuja kukata kilicho jirani. Fanya hivi: sindano ikishatoka kwenye ushanga wa mwisho, ruka ushanga huo, rudi juu kupitia shanga zilizoutangulia. Ushanga wa mwisho ndio unaokuwa kizuizi. Panda shanga kumi, funga fundo dogo kuuzunguka uzi ulio katikati ya shanga mbili, panda tano, funga tena, panda tano nyingine, ndipo ukate. Fundo halionekani, na hata la kwanza likilegea, yapo mengine.

Na usikaze sana! Hili watu hawaliamini mpaka walione. Mstari uliokazwa kama kamba ya jahazi hauna mahali pa kupinda, kwa hiyo kila mtu anayepita na kuusukuma kwa bega anaulazimisha uzi upinde kwenye midomo ya shanga. Acha nafasi ya ushanga mmoja au miwili kabla ya kufunga. Ukiuweka mstari juu ya kidole, uanguke pande zote mbili bila ubishi.

Haya, rangi. Nikuulize: umewahi kuziona shanga zilizochimbuliwa Gede, hapo karibu nanyi? Magofu yale yalianza kuchimbwa na James Kirkman mwaka 1948, na kati ya vitu vilivyotoka chini ni shanga za kioo zilizoletwa kwa majahazi kutoka ng'ambo. Huku kwetu kisiwani Pate, pale Shanga, mji ulioanza karne ya 8 na kuchimbwa na Mark Horton miaka ya 1980, zimetoka nyingine za kale zaidi. Zimelala ardhini mamia ya miaka, kwenye unyevu na chumvi, na zile nyekundu za rangi ya tofali bado ni nyekundu. Sababu ni kwamba rangi ile imo ndani ya kioo chenyewe. Ni shaba iliyochanganywa wakati kioo kinayeyushwa. Uzi uliozifunga hakuna aliyeukuta. Mimi kila mwanafunzi wangu namwambia kazi ya shanga ni kazi ya uzi, na ushahidi wangu ni huo.

Shanga za siku hizi si zote zilizotengenezwa hivyo. Zipo zenye rangi ndani ya kioo: hizo hazipauki. Zipo za kioo cheupe kilichopakwa rangi kwa nje, au kilichotiwa rangi ndani ya tundu tu. Zipo zenye utando wa madini kwa juu, zinang'aa kama dhahabu, na jasho la wiki chache linaumenya. Na zipo hizo ulizotumia, zenye fedha tunduni. Fedha hiyo hewa ya bahari inaitia weusi kama inavyoitia pete ya mtu. Waridi na zambarau ndizo za kuziangalia zaidi. Waridi ya kweli ndani ya kioo kwa kawaida huhitaji dhahabu kidogo wakati wa kuyeyusha, ndiyo maana ni ghali. Waridi ya bei poa mara nyingi imepakwa. Buluu iliyoiva, ambayo hutokana na kobalti, na kijani cha bahari kinachotokana na shaba, hizo zinaaminika zaidi hata zikiwa rahisi.

Njia ya kujua ni kujaribu kabla ya kununua kilo. Omba kiganja kimoja. Loweka nusu kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha usiku kucha. Ikitoka rangi, ziache dukani. Nusu nyingine tunga mstari mfupi, ufunike sehemu yake kwa karatasi ya fedha ya jikoni, uutupe juu ya paa wiki mbili tatu. Ukiifunua na kuona mpaka kati ya palipofunikwa na palipoachwa wazi, umejibiwa. Jaribio hili halina gharama na lingekuokolea mapazia matatu.

Shanga za Ucheki, zinazotoka eneo la Jablonec, huja zimetungwa tayari kwenye vifungu vya nyuzi, na rangi zake kwa jumla ni za kuaminika. Za Ujapani ndizo zilizo sawa kuliko zote, lakini bei yake usiipeleke kwenye pazia la mlango. Ziweke kwa hereni. Za Uchina ndizo utakazozikuta nyingi, nazo si mbaya zote, ila zinatofautiana unene ndani ya pakiti moja. Kwa pazia haidhuru. Rangi unayoipenda nunua yote ya kazi nzima siku moja, kutoka mfuko mmoja, maana mfuko ujao hautafanana.

Hilo la unene linanileta kwenye picha yako ya ukutani, na hapo linadhuru sana. Kazi bapa haivumilii shanga zisizolingana: moja nene inasukuma jirani zake, na kazi inaanza kujikunja kama jani kavu. Mwaga shanga kwenye sinia uzichambue kama mchele, nyembamba kando, nene kando, zenye tundu la kuchongoka utupe. Utapoteza sehemu ya mfuko. Ndiyo kazi ilivyo.

Tafuta fremu ya mbao, seremala yeyote atakutengenezea, yenye misumari midogo au vipande vya kitana juu na chini vya kutenganishia nyuzi. Nyuzi za wima ziwe nyingi kuliko shanga za upana kwa moja, kwa kuwa kila ushanga hukaa kati ya nyuzi mbili. Unatunga shanga za mstari mmoja kwenye sindano, unazipitisha chini ya nyuzi za wima, unazisukuma juu kwa kidole kila moja ikae kwenye nafasi yake, kisha unairudisha sindano ndani ya shanga zilezile ikipita juu ya nyuzi. Ukikosa kupita juu, ushanga haujashikwa na chochote. Ndilo kosa la wanaoanza wote, na utaligundua mara moja kwa sababu ushanga utashuka.

Maandishi yapange kwenye karatasi ya miraba kabla ya kugusa shanga. Herufi inayosomeka vizuri huhitaji upana wa shanga 5 na urefu wa 7, na nafasi ya ushanga mmoja kati ya herufi na herufi. KARIBU, kwa mfano: herufi tano za upana wa 5, I yenye upana wa 3, na nafasi tano, jumla mistari 33. Neno unalifuma likiwa limelala ubavu, kwa hiyo urefu wa herufi ndio upana wa kazi kwenye fremu: ukiweka mpaka wa shanga mbili juu na mbili chini, upana huo ni shanga 11, kwa hiyo nyuzi za wima ni 12. Kwa shanga namba 11, neno zima litakuwa na urefu wa sentimita 7 tu. Kwenye ukuta halionekani. Kwa namba 6 linafika sentimita 13 au 14, na mgeni akiwa mlangoni analisoma. Watu wengi huanza na namba 11 kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye mikufu, wakakesha mwezi mzima kwa kitu cha kubandikwa kwenye jokofu.

Mfano wa nakshi usiuchukue kwa Wamaasai. Wanaouza ufuoni kwenu wanaijua kazi yao na rangi zao kwa maana, wewe utaiga juujuu. Tazama leso za mama yako: pindo, mji, na jina pale chini. Leso ni picha ya ukutani iliyokwisha kupangwa! Tazama maua ya milango ya Lamu, au vile vitobo vinavyopangwa kwenye kofia za mkono. Kuna jambo moja la adabu: ukiandika Bismillahi au jina la Mwenyezi Mungu, iwe ya ukutani na juu. Kwenye pazia ambalo watu wanalisukuma kwa mabega na watoto wanalivuta, hapana.

Ukimaliza, usikate ncha za nyuzi karibu na kazi. Kila moja ishone kurudi ndani ya mistari, kisha shona kazi yote juu ya turubai ndipo uitie fremu. Nyuma ya fremu gundisha vipande vinne vya kizibo ili isigusane na ukuta. Nyumba zetu za mawe na chokaa hupumua unyevu na chumvi, na chochote kinacholala juu ya ukuta kinaoza kwa nyuma wakati mbele bado kinapendeza.

Hukuniuliza kuhusu vitu vya baharini na vya porini, lakini najua utavifikia, kila mtu wa shanga huvifikia. Gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, usiliguse, hata ukiambiwa ni la zamani la bibi. Biashara yake imekatazwa kimataifa, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina mchezo. Makombe na matumbawe ya ndani ya hifadhi ya baharini ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, hayaokotwi, hata moja la ukumbusho. Kifuu cha nazi kipo tele, kinatoboleka, kinapokea mng'aro ukikisugua kwa mafuta, na kinapunguza uzito na gharama ya pazia. Ukichanganya kifuu na kioo cha buluu, wageni hawalipiti. Maturituri, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, ni nzuri na ni sumu: mtoto akiitafuna moja iliyopasuka ni hatari ya kufa, na kuitoboa ndiko kuipasua. Nimewaona watu wakizitunga bangili za watoto, wallahi nilinyamaza kwa shida. Wewe usizilete nyumbani.

Sasa mwenye nyumba yako ya wageni. Mimi ningemgawia hivi: uzi na fundo ni dhamana yako, kwa hiyo kazi ya kutunga upya ifanye bila ujira. Shanga zilizo nzima ni zile zile. Zioshe kwa maji matamu na sabuni, zisuuze, zianike juu ya kitambaa. Zilizopauka na zilizoingia weusi zinahitaji mpya, na hizo alipie yeye kwa bei uliyonunulia, bila faida. Ukimtengenezea yote bure, atakuambia hivyo hivyo mwakani. Mpe na maagizo: kila mwezi pazia linyunyiziwe maji matamu kutoa chumvi, na upepo mkali ukivuma lifungwe kando kwa kamba. Ajue pia kwamba mlango unaopigwa na jua la mchana kutwa hauchukui waridi.

Kabla ya kazi mpya, muulize mteja rangi zake. Wafanyabiashara wa misafara ya karne ya 19 waliondoka pwani hii na mizigo ya shanga, na waliokosea rangi inayotakiwa bara walishindwa kununua hata chakula. Watu hawajabadilika.

Bei. Anza na muda, usianze na shanga. Tunga mistari miwili na saa mbele yako, upate wastani wa mstari mmoja pamoja na mafundo. Tuseme ni nusu saa: mistari 45 ni saa 22 na nusu, yaani siku tatu za kazi. Jiwekee ujira wa siku ambao usingeona haya kumlipa mtu mwingine. Ongeza shanga, uzi, pete, ubao, nauli. Kisha ongeza sehemu ya kumi ya yote hayo kwa ajili ya matengenezo, kwa kuwa sasa unajua matengenezo yapo.

Ukiuza kupitia duka, angalia hesabu. Tuseme unahitaji shilingi 7,000 mkononi na duka linachukua 30 katika kila 100. Wengi huongeza asilimia 30 na kuandika 9,100. Duka likitoa fungu lake, 2,730, unabaki na 6,370, umejipunja. Bei ya dukani ni 7,000 kugawanya kwa 0.7, yaani 10,000. Na mali kauli, ile ya kuacha bidhaa ulipwe ikiuzwa, isiwe ya mdomo: andika idadi, bei, na siku ya kuhesabiana, wote wawili mtie sahihi. Pazia lililotundikwa dirishani kwa duka miezi sita likirudi limepauka, ni hasara ya nani? Liandikeni kabla. Vifuko vya nailoni vya kufungia vimepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo shona vifuko vya leso kuukuu. Vinapendeza kuliko nailoni.

Na sasa niurudie uzi wa pamba. Wewe unategemea wageni, na wageni wa Malindi wana msimu. Aprili hadi Juni ufuo ni wa kunguru. Tengeneza na kitu cha watu wa nyumbani. Vile vitambaa vya kufuma vya kufunikia majagi na bilauri, vyenye shanga pembezoni, vinauzwa mwaka mzima, na Ramadhani ikikaribia havitoshi. Pamba hapo ndipo pake, kwa kuwa kitambaa kinafuliwa, kinaanikwa, kinakauka. Shanga zote zitungie kwenye uzi kabla ya kuanza kufuma, ukizihesabu, maana ukiishiwa katikati hakuna pa kuziingizia. Kitambaa kizidi mdomo wa jagi kwa urefu wa kidole pande zote, na shanga ziwe namba 6 na za uzito sawa kila upande, la sivyo kinateleza kuelekea upande mzito na nzi anaingia kwenye sharubati. Usitumie za plastiki. Nyepesi mno, upepo wa feni unazinyanyua. Ukitaka kujua dukani kama ushanga ni kioo, ugusishe jinoni: kioo ni baridi na kinalia.